Filimbi Isiyoruka Mkono

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Kila filimbi ya mpira ikilia hapa Gisenyi, naikumbuka upya. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, bunduki zilipokuwa zimeanza kunyamaza na watu wakaanza tena kwenda uwanjani Jumapili bila kuangalia nyuma.

Lakini kwanza nikwambie mimi ni nani, maana ninyi vijana mnanijua kwa gari tu. Shule niliachia darasa la nne. Nilibeba magunia ya watu pale mpakani mpaka bega hili la kulia likashuka chini ya lenzake, na kutoka hapo, kwa kichwa changu mwenyewe, nikafungua duka la vitenge. Wateja walivuka kutoka Goma wakiuliza, "Kwa Saidi ni wapi?" Hawakuuliza duka, waliuliza Saidi. Sijisifu bure, msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina kamioneti ya kubebea mizigo, nina koti la suti, na ndimi niliyeinunulia klabu yetu ya mtaani jezi mpya, zile za rangi ya chungwa. Basi kamati ikaniambia, "Saidi, sherehe ya kuwaheshimu makocha wa zamani tunaiweka mikononi mwako."

Klabu yetu ina desturi ambayo sijaiona kwingine. Kocha mpya hapewi barua. Aliyemtangulia humkabidhi filimbi mkononi, mbele ya wachezaji na wazee. Filimbi ni ile ile ya shaba, imefungwa kamba ya kiatu. Na siku ya kuwaheshimu makocha, filimbi hiyo hurudia safari yake: huanza kwa kocha wa kwanza kabisa, ikapita mkono hadi mkono, mpaka imfikie aliye kazini.

Makocha wa zamani walikuwa watatu. Mzee Faustini aliianzisha timu na kutuletea kombe la kwanza. Mzee Bonaventura alipokea kwake, akakaa miaka mingi kuliko wote, bila kombe hata moja. Kalisto, aliyekuwa mchezaji wa Bonaventura, alipokea kwa huyo akaleta kombe la pili. Mimi nikaalika wawili.

Kwenye mkutano nilisema, "Tunaheshimu ushindi, hatuheshimu miaka." Wengine wakacheka, wengine wakaangalia viatu vyao. Nani angebishana na mwenye jezi?

Sababu ya kweli sikuisema. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilicheza winga wa kulia, na mbio zangu, waulize waliokuwepo, zilikuwa za kuogopwa. Siku ya mechi na vijana wa Busasamana, Mzee Bonaventura alinitoa dakika ya ishirini. Dakika ya ishirini, mwanangu, mbele ya mama yangu, na mbele ya binti mmoja ambaye nilikuwa namkimbilia yeye kuliko mpira. Sikurudi mazoezini tena. Kinyongo hicho nikakifuga miaka kumi na mmoja kama mbuzi wa Idi, nikingojea siku yake. Sasa siku ilikuwa imefika na kisu nilikuwa nacho mimi.

Basi Jumapili ikafika. Uwanja ulijaa. Timu ya Goma ilikuwa imevuka kuja kucheza nasi kirafiki. Viti viwili nilivifunika vitenge vya dukani kwangu, vile vizuri. Mzee Faustini akapewa filimbi, akaibusu, akamgeukia Kalisto ampe. Kalisto akaweka mikono nyuma.

"Pokea, Kalisto," mzee akasema.

"Hapana, Muzee. Unisamehe. Si we ulinipatia hii kitu. Ni Muzee Bonaventura alinipatia. Yeye iko wapi?"

Nikamsogelea haraka, nikasema chini chini, "Kocha, usituaibishe mbele ya wageni. Yule hakushinda kitu."

Kalisto hakushusha sauti. "Saidi, ile miaka ya vita na ukimbizi, we ulikuwa wapi?"

"Goma. Nilikuwa nauza."

"Bon, sawa. Mi nilikuwa hapa. Kuna Jumapili moja tulikuja watu saba. Muzee akapiga filimbi saa tisa kamili, sawa na siku zote. Tukacheza wane kwa wane, maana yeye mwenyewe alikaa golini na ile magoti yake. Jumapili ingine tena, na ingine. Kama hakupiga, mi ningepokea nini leo? Majani ya uwanja?"

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu utoto, lakini sikuwa nimejua kwamba mhunzi wake tulikuwa naye kwetu.

Kapteni wa Goma, kijana mwenye maneno, akapaza sauti, "Patron, bosi yetu, tunacheza ama tunalala? Mupaka itafungwa saa kumi na mbili, na bibi yangu hajui kama niko Rwanda." Uwanja ukacheka. Nilitaka kumtuma mtu na kamioneti, lakini Mzee Faustini akanishika mkono. "We ndiye ulimuacha," akasema, polepole kabisa. "Nenda mwenyewe."

Nikapanda kilima hadi Nyakiriba, alikokuwa akiishi mzee, peke yangu. Njiani nilikuwa nikijipangia maneno, maana kwa maneno mimi sijawahi kushindwa sokoni. Nilimkuta Mzee Bonaventura kwenye viazi, suruali imekunjwa, jembe mkononi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake kwenye mlango lilitundikwa shati jeupe lililonyooshwa.

"Hii shati nilipiga pasi jana," akaniambia yule mama, kabla hata sijamaliza kusalimu. "Alisikia watu wanasema juu ya sherehe. Asubuhi akaivaa, akaketi pale kwenye kibao, anaangalia barabara. Mpaka saa sita. Kisha akaivua, akasema viazi havingoji mutu."

Maneno yote niliyoyapanga njiani nikayaacha pale mlangoni, nikamgeukia mzee.

Mzee akaja, akafuta mkono kwenye suruali, akanipa. "Saidi. Umenenepa, Mungu asifiwe. Ile barua ya kunialika ilipotea njiani, si ndiyo?"

Umeona, mwanangu? Alinipa uongo wa kujifunika, kama mtu anavyomwazima mwenzake mwavuli mvua ikinyesha. Ningeweza kuuchukua. Nilifungua mdomo niuchukue.

"Hapana, Muzee," nikasema. "Haikuandikwa. Ni mimi nilikataa."

"Juu ya nini?"

"Ulinitoa dakika ya ishirini."

Akaegemea jembe, akafikiri, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Yewe! Mutoto wangu, ile siku ulitoka kubeba magunia tangu alfajiri. Ulidhani sijui? Miguu yako ilikuwa inatetemeka. Niliona utaanguka mbele ya mama yako. Nikakutoa, nikakupatia ndizi mbili. Ulizikula?"

Nilizikula. Nilizikula zote mbili nyuma ya goli, nikilia kwa hasira, nikimchukia aliyenipa kabla sijameza. Na kwa miaka kumi na mmoja kichwa changu hiki, ninachokisifia mbele yenu, kilitunza dakika ya ishirini kikatupa ndizi.

Nikavua koti langu la suti nimvalishe. Akalipima kwa macho. "Hii si koti, ni hema. Mama, niletee shati yangu."

Tulipofika uwanjani saa ilikuwa imekwenda, lakini hakuna aliyekuwa ameondoka, hata wale wa Goma. Nikambebea mzee kiti changu mwenyewe, nikakiweka katikati ya vile viwili, mimi nikasimama nyuma. Filimbi ikatoka kwa Mzee Faustini ikaingia mkononi mwa Mzee Bonaventura, vidole bado vina udongo kwenye kucha. Kalisto alikuwa tayari amenyoosha mikono yote miwili, na kocha aliye kazini akingoja zamu yake nyuma yake. Lakini mzee hakuitoa upesi. Aliitia mdomoni, akapiga mara mbili, fupi fupi.

Ndiyo ilikuwa ishara yake ya kupanga mstari. Mwanangu, wanaume wenye ndevu wakainuka katikati ya watu. Mwashi mmoja, dereva mmoja, mwalimu wa shule, Kalisto na viatu vyake vya ngozi. Wote waliowahi kuchezea mikononi mwake wakaja wakajipanga mbele yake kama vijana wa mazoezi. Nafasi zilizobaki wazi kati yao hakuna aliyezijaza. Tulijua ni za nani.

Mimi nilibaki nyuma ya kiti. Mzee akageuza shingo.

"Saidi, unangoja nini? Umekaa benchi siku mingi. Ingia."

Nikakimbia. Na tumbo hili, na koti lile, nikakimbia nikaenda kusimama upande wa winga wa kulia.

Basi sikia nasaha yangu, wewe ambaye kesho utapewa klabu, au duka, au nyumba. Usiwapime waliokutangulia kwa makombe tu. Kombe huletwa na siku moja. Kuna mtu aliyeshika kitu kisife miaka ambayo hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi, na bila yeye wewe ungepokea hewa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na ukiwa na kinyongo na mkubwa wako, kabla hujakifanya sheria ya watu wote, rudi ukaulize ile siku ilikuwaje, maana moyo wa kijana huandika kofi kwa wino na ndizi kwa maji. Ukikuta umekosa, usitume mtu. Nenda mwenyewe, na ukipewa uongo wa kujifunika, urudishe kwa adabu.

Mungu akupe mikono ya kupokea, na macho ya kumtambua aliyekupa. Akuzungushie watu watakaokuletea kiti siku zako za viazi. Na dakika ya kutolewa uwanjani, ambayo kila mmoja wetu anayo, ikikufikia, akukutanishe na mtu mwenye ndizi mbili. Amina.