Tundu la Ukuta wa Jiko

Niliula ukuta wa jiko la mama mkwe wangu kwa miaka saba. Nalisema bila kuzungukazunguka, kwa sababu watu wa ukoo wa mume wangu bado wanalisimulia kama kichekesho kila penye sherehe, na mimi sipendi kusimuliwa. Jiko lilikuwa la miti na udongo mwekundu. Upande wa kushoto wa mafiga, usawa wa bega langu nikiwa nimekaa kwenye kigoda, palikuwa na tundu. Lilianza kama alama ya ukucha. Nilipobeba mimba ya nne, ngumi yangu ilikuwa inaingia yote.

Mimi ni mtu wa ziwani. Kwetu ni kusini kidogo ya Mbamba Bay, nyumba ambayo usipa, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa, ulianikwa mbele ya mlango, na mtoto akisikia njaa alichota konzi moja akaenda zake akitafuna. Nilipoolewa huku juu Mbinga, kwa Wamatengo, nilifundishwa kulima ngolo, yale mashimo wanayoyapanga mlimani ili mvua isiondoke na shamba. Nikayaweza. Kahawa nayo niliiweza, kuanzia kuchuma mpaka kuanika. Kilichonishinda ni kunyamaza, na ndicho walichokitaka zaidi.

Zamani kahawa ya kila mtu ilipelekwa ghala la ushirika, ikamwagwa pamoja na ya jirani, basi. Kisha soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaanza kupanda vilima na pikapu zao mpaka mlangoni kwa mtu, wakitumbukiza mkono kwenye gunia, wakinusa kiganja, wakikunja uso. Mmoja alikunja uso nyumbani kwetu. Mama mkwe hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. Ndani ya chumba tulichowekea magunia ya kahawa nilikuwa nimetundika mfuko wa usipa alioniletea mama yangu.

"Kahawa inashika harufu," alisema. "Harufu ya ziwani isiingie tena nyumba hii."

Kahawa inashika harufu kweli, sikatai. Lakini hakusema mfuko uhamishwe chumba. Alisema usipa usiingie nyumbani kabisa, iwe msimu wa kahawa au usiwe. Mawifi wakacheka. Mume wangu akasema, "Mama ameshasema," akatoka kwenda kutazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Mimi nilikuwa na jibu, tena refu. Nikaingia nalo jikoni, nikakaa kwenye kigoda, na kwa kuwa mvua ilikuwa imelowesha ukuta na udongo unanukia, nikaukwangua kwa ukucha nikautia mdomoni. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Ule udongo ulishuka pamoja na jibu langu.

Hakuna aliyenikataza. Mama mkwe alifurahi. Alisema udongo unakaza mifupa ya mtoto, na mara moja moja aliniletea kipande cha kichuguu alichokivunja mwenyewe shambani. Mimba zilikuja zikaisha, mimi sikuacha. Nilikula baada ya kunyonyesha, kabla ya kanisa, nikitoka kisimani. Kama umewahi kukaa na wakwe unajua ni mara ngapi kwa siku mtu anaweza kumeza jibu.

Mimba ya nne ilipofika miezi mitano, nesi wa kliniki mjini Mbinga alinivuta kope la chini, akanichoma kidole, akarudi na uso mwingine.

"Mama, unakula udongo?"

"Hapana."

"Hebu toa ulimi."

Nikautoa. Akauangalia, akaandika, hakucheka.

"Damu yako ni kidogo mno. Ukijifungua na damu hii, naomba siku hiyo nisiwe zamu." Akanipa vidonge, akaniambia niache udongo siku ile ile, nile mboga za majani, maini, samaki. "Samaki unapata?"

"Sipati."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa ziwani."

Akaweka kalamu chini. Nililia pale pale mbele ya foleni ya wajawazito, na sikulia kwa kuogopa kufa. Nililia kwa hasira.

Ilikuwa Kwaresima. Majirani waliacha pombe, mimi niliacha ukuta. Siku ya kwanza mate yalinijaa mpaka nikawa natema kama mlevi. Siku ya pili nilihamisha kigoda upande wa pili wa moto, nikajikuta nimeinuka na kuzunguka. Nikalipaka tundu pilipili iliyosagwa. Siku ya tano nilikula udongo na pilipili yake, machozi yakinitoka, na niseme ukweli, ulikuwa mtamu. Nilienda kuungama. Padri aliniuliza dhambi yenyewe ni ipi, sikuweza kumwambia, kwa sababu nilikuwa sijaijua bado.

Niliijua wiki ile ile. Wifi mmoja alipita akasema mtoto huyu wa sasa naye atatoka mweusi kama watu wa ziwani. Nikanyamaza. Mkono ukainuka wenyewe kwenda ukutani. Hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa na njaa hata kidogo, nilikuwa nimetoka kula. Kila nilipoukwangua ukuta ule kulikuwa na neno nimelirudisha tumboni. Nilikasirika kwa ile miaka saba, nikachokonoa tundu kwa nguvu zangu zote, na kidole kikatokea nje.

Mwanga ukaingia. Upande wa pili mama mkwe alikuwa amekaa chini anapura maharage.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Mimi, Mama."

"Unakula au unabomoa?"

Angekuwa mbele yangu ningeinamisha kichwa. Lakini kulikuwa na ukuta kati yetu, na tundu la ukubwa wa kidole, nikapeleka mdomo pale pale nilipozoea kupeleka ukucha.

"Nakula kwa sababu mmeninyima chakula changu. Nesi amesema damu imeisha. Kesho naenda kwetu ziwani. Nitarudi na usipa, na nitaupikia humu humu. Asiyetaka asile."

Fimbo ya maharage ilisimama. Kisha fimbo ikaendelea, polepole. Kwa mara ya kwanza aliyemeza jibu alikuwa yeye.

Nilikwenda. Mume wangu alisema nitaanguka njiani, nikamwambia basi anisindikize, hakunisindikiza. Mama yangu aliponiona viganja vilivyopauka alinipikia kwa siku nne mfululizo, na nilipoondoka alinijazia kiroba. Nilikitundika jikoni mle mle, mbali na chumba cha magunia, maana sikuwa na ugomvi na kahawa. Niliichuma mwenyewe ile kahawa. Jioni ya kwanza nilikaanga usipa kwa nyanya na kitunguu, moshi ukatoka kwenye lile tundu ukaelekea uani. Mama mkwe akaenda kula kwa mwanawe mwingine, kwa muda wa wiki mbili. Mume wangu siku ya kwanza alikula amenuna. Siku ya pili aliuliza kama umebaki.

Hamu ya udongo haikwisha, asikudanganye mtu. Ilipokuja niliitazama nikajiuliza, ni neno gani nimelizuia? Kisha nikaenda nikalisema. Nilimwambia wifi kuhusu rangi ya watoto wangu. Nilimwambia mume wangu kuhusu yule ng'ombe. Wakasema mimba imenibadilisha tabia, nikawaambia siyo mimba.

Mnunuzi alikuja tumbo langu likiwa limeshuka. Mama mkwe alisimama kando ya magunia, mikono nyuma, akingoja. Alijua kitakachosemwa, na alitaka kisemwe mbele yangu. Mnunuzi akatumbukiza mkono, akanusa, akakunja uso.

"Haijakauka hii," alisema. "Mliitoa kichanjani mapema."

Aliyeitoa mapema ni mama mkwe, kwa hofu ya mvua ambayo haikunyesha. Kila mtu pale alijua. Mimi ningeweza kunyamaza tu, ingetosha. Sikunyamaza.

"Na harufu?" niliuliza.

"Harufu gani?"

"Ya samaki."

Akanitazama mimi, akatazama tumbo, akanusa tena kwa heshima. "Hakuna samaki hapa, mama." Tuliianika upya siku tatu, akaichukua yote.

Nilijifungua hospitali, msichana. Damu ilinitoka kama inavyowatoka wanawake, na nikaamka mzima. Siku iliyofuata mama mkwe alikuja. Nikamwamkia, akaitikia, akamshika mtoto muda mrefu. Kisha akafungua pindo la kanga. Ndani kulikuwa na kipande kikubwa cha kichuguu, chekundu, kimevunjwa asubuhi ile, bado kina unyevu. Harufu yake ilinifika kitandani na mate yakanijaa.

"Upate nguvu," alisema.

Nilijua hakunitakia mabaya. Ndiyo ilikuwa shida yake tangu mwanzo, kwamba hakunitakia mabaya. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakishika mpaka nikawa na uhakika na sauti yangu, nikamrudishia.

"Asante, Mama. Nenda ukazibe nacho lile tundu."

Nilitegemea aondoke kwa hasira. Alikifunga tena kwenye pindo, akakaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Niliporudi nyumbani ukuta ulikuwa umezibwa, na alama za vidole vyake vitatu zilikuwa zimekauka pale usawa wa bega langu.

Mpaka leo wanasema udongo ulikuwa unanituliza, na kwamba nilipouacha nimekuwa mkali. Ni kweli, ulikuwa unanituliza. Mvua ya kwanza ikipiga vumbi mate yananijaa bado, na mkono unataka kuinuka. Nayameza mate, mate tu, kisha nafungua mdomo nasema nilichotaka kusema.