Valianti Niliyomnyang'anya Fundi Wangu kwa Neno Moja

Nimekosa. Msinipoze, na msiniambie kukosea ni ubinadamu. Kukosea ni kumkanyaga mtu mguu kwenye foleni. Mimi nilikusudia!

Mimi ni Mkenya, nafanya kazi katika benki moja Sandton, na nina ugonjwa wa magari ya zamani. Si yoyote. Napenda yale ya Kimarekani yaliyoundwa hapa Afrika Kusini, usukani kulia, ambayo Wamarekani wenyewe hawakuwahi kuuziwa. Wakiona picha zake mtandaoni wanatokwa na udenda.

Papa Ilunga ni fundi wangu, Mkongo wa Lubumbashi, anaishi Hillbrow. Ndiye aliyenionyesha gari moja la aina hiyo, Valianti ya bibi mmoja mjane (gogo, kama wanavyomwita bibi hapa): milango miwili, rangi ya haradali, bado na viti vyake vya kwanza. Papa Ilunga ndiye aliyekuwa akimtengenezea kwa miaka minane. Marehemu baba yake aliendesha ya namna hiyo huko Lubumbashi, na picha pekee aliyo nayo ya mzee huyo, ameegemea mlango wa gari hilo.

Siku moja akaniambia gogo anahamia kwa binti yake Durban.

“Mwisho wa mwezi nataka kuuza ile motoka, Papa,” akasema Ilunga, uso umemchangamka; Wakongo humwita Papa kila mwanamume wanayemheshimu.

Nikadhani gogo amemkabidhi amtafutie mteja. Mteja si ndiye mimi! Sikumwambia kitu, nilitaka kuwawahi wengine. Jumamosi asubuhi nikawa mlangoni kwa gogo.

Gogo alinishangaa. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba gari ni la Ilunga, amemwomba amngojee hadi mwisho wa mwezi alinunue.

Hapo nikaelewa. Kwa watu wa Lubumbashi, kuuza ndiyo kununua. Wakitaka kusema kuuza kwa maana yetu sisi, wao husema kuuzisha. Na si kwamba nilikuwa sijui! Mara ngapi Papa Ilunga ameniaga akisema anapita spaza, kiduka cha mtaani, kuuza mkate, nami nikamtania kwamba siku hizi ana duka?

Ningegeuka nikaenda zangu. Lakini mlango wa gereji ulikuwa wazi, nikaiona ile Valianti.

Nikamwambia gogo kwamba Ilunga amebadili nia, na ndiye aliyenituma. Uongo mtupu, mchana kweupe, mbele ya mama mzee aliyenikaribisha chai! Nikalipa siku hiyo hiyo, nikaondoka nayo.

Wenzangu wa klabu ya magari nilipowasimulia walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakasema nimemshinda Mkongo kwa sarufi. Nami nikacheka nao. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi. Mmarekani mmoja akaandika chini ya picha niliyoiweka mtandaoni kwamba gari hilo ameliota maisha yake yote, nikavimba kichwa.

Papa Ilunga alipokuta gereji tupu alinipigia simu. Jibu nilikuwa nimeshalitayarisha: wewe mwenyewe ulisema unauza. Nikangoja matusi. Mnajua alifanya nini? Aliniomba radhi! Alisema Kiswahili chao cha Lubumbashi ndicho kilichomponza, angesema nami kile ninachokielewa. Na mimi, mtu wa kanisa, nikamjibu, “Hakuna neno, Papa. Yameisha.”

Wiki iliyofuata akaja kunirekebishia kabureta, kwa sababu injini ile haimsikii fundi mwingine. Alipomaliza aliushika mlango wa gari kwa kiganja, akasimama hapo. Mimi nilikuwa natafuta upande mzuri wa kupiga picha.

Miezi miwili baadaye gogo alimpigia Papa Ilunga simu kumjulia hali, akamuuliza kwa nini alibadili nia akanituma mimi. Ndivyo alivyojua.

Akaja nyumbani Jumapili mchana. Sikungoja aseme. Nikatoa funguo, nikamwambia chukua, bure, ni yako. Mke wangu alikuwa amesimama na sinia ya chai, hajui lolote.

Hakuzigusa zile funguo.

“Papa, nilikuombaka musamaha,” akasema. “Na wewe ukanisamehe.”

Akamshukuru mke wangu kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka. Simu yangu hajaipokea tangu siku hiyo. Valianti imenizimikia barabarani mara tatu na hakuna anayeiweza. Wale wa klabu wananishauri nimuuzie yule Mmarekani. Waende zao, wanafiki wakubwa, na mimi mkubwa wao! Mke wangu nilipomweleza ukweli alisema jambo moja tu, kwamba nisiongoze tena sala mbele ya watoto wake.

Sasa sikieni, ninyi mnaomzunguka mtu kwa sababu Kiswahili chake si kama chenu, kisha mkajifanya hamkuelewa. Mlielewa! Na ukishamdhulumu mtu, angalau usikubali akuombe msamaha. Gari nilijaribu kulirudisha, likakataliwa. Ule msamaha niliompa Papa Ilunga niurudishe wapi?