Video Iliyopimwa kwa Sikio

Tarehe 9 Juni 2014, programu moja ya bure ya kupanga na kugeuza video za gemu za mkononi ilitoa toleo jipya. Kwenye ukurasa wake wa shukrani, chini kabisa, bado pameandikwa: "Kiswahili: Mama Kadi." Mwenye jina hilo hakuombwa na mtu kuifanya kazi hiyo. Alichoka tu kuona wateja wake wakibonyeza maneno wasiyoyajua na kufuta kila kitu.

Hana mtoto anayeitwa Kadi. Jina alipachikwa na fundi saa wa meza ya jirani, ambaye naye wanamwita Dakika, kwa sababu ya vile vikadi vya kumbukumbu, vidogo kama ukucha, anavyovichomoa na kuvichomeka kutwa nzima. Meza zao zinatazamana kwenye ujia wa jengo la ofisi, chini ya ngazi, mahali ambapo taa haizimwi hata mchana. Kompyuta ya Mama Kadi haina mfuniko ubavuni. Aliuondoa ipate kupumua, na feni ndogo ya mezani inayapuliza matumbo yake yaliyo wazi. Zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ghorofa ya pili. Ofisi ilipofungwa, alishuka ngazi na kuishia hapohapo.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Video iliyopigwa kwa simu haiingii hivihivi kwenye gemu ya mkononi ya zamani, zile zenye vitufe pande mbili na kioo cha upana wa vidole vinne katikati. Ni kama kupitisha kabati kwenye mlango mwembamba: lazima ulivunje vipande, na vingine uviache nje. Programu ndiyo inayovunja. Inapunguza ukubwa wa picha, inapunguza idadi ya picha zinazopita kila sekunde, inabana sauti, inafupisha jina la faili, kisha inapanga yote kwenye kadi, kila kitu na folda yake. Wanaoitengeneza ni watu wa mbali ambao Mama Kadi hajawahi kuwaona. Wanaishughulikia wakishatoka kazini kwao, na yeyote anaruhusiwa kuongeza kitu.

Naye aliongeza. Mbali na tafsiri, aliwapelekea mpangilio wake, yaani vipimo alivyokuwa akivitumia kila siku, nao wakauingiza kwa jina lake. Anayeifungua programu kwa Kiswahili anaukuta umeshatiwa alama. Ulikuwa mpangilio wa mtu anayewajua wateja wake. Kadi ni ndogo na watu wanataka vitu vingi, basi akapunguza picha za kila sekunde chini ya nusu, na nafasi iliyopatikana akaipa sauti. Kwa hesabu zake, picha ikiruka kidogo mtu anavumilia. Sauti ikikwaruza anarudi na kadi mkononi na mdomo juu.

Hata ukaguzi wake ulikuwa wa sikio. Video ikishageuzwa, aliichezesha kwenye gemu yake ya majaribio, akaisogeza pembeni ya meza, akainamia kazi nyingine. Sauti ikienda vizuri mwanzo hadi mwisho, kadi inaingia kwenye bahasha.

"Hamjawahi kuona daktari wa macho anayepima kwa kusikiliza?" Dakika aliwauliza watu waliokuwa wakipita. "Ndiye huyu."

"Shughulika na saa zako. Zote hapo mezani zinasema uongo."

Miongoni mwa wateja wake wa kila wiki alikuwepo mfungashaji wa kiwanda cha mikate, mwanamke mwembamba asiyekaa kitini hata akikaribishwa. Binti yake ni kiziwi, anasoma shule ya bweni ya viziwi nje ya mji. Simu haziruhusiwi huko. Gemu za zamani zisizo na mtandao zinaruhusiwa mwisho wa wiki, na msichana alikuwa nayo moja, aliyoachiwa na binamu yake. Mama akaona mwanya. Kila wiki alijirekodi kwa simu akiwa mbele ya pazia la chumbani, akimweleza binti yake habari za nyumbani kwa lugha ya alama aliyojifunza ukubwani, kwenye darasa la wazazi. Video aliipeleka kwa Mama Kadi ikageuzwe. Kadi ikaondoka na gari la mikate ambalo kwa vyovyote lilikuwa linakwenda shuleni.

Mama Kadi alijua kwamba msichana ni kiziwi. Aliambiwa siku ya kwanza, akasikitika kwa dhati. Kisha akaichezesha ile video, akainamia kazi nyingine, akasikiliza.

Mambo yalikwenda hivyo karibu muhula mzima, hadi Jumanne moja mfungashaji alipofika na gemu yenyewe mkononi. Kitufe kimoja kilikuwa kimeganda, na dereva wa mikate alikuwa amerudi nayo.

"Dada, nitengenezee hiki kitufe tu," alisema. "Za kugeuza sina tena."

"Wiki hii hujapiga?"

"Wiki hii na zijazo. Nimeacha."

Mama Kadi alitua bisibisi. "Umeacha nini?"

"Kujiaibisha." Mfungashaji alitazama ngazi, kama anayeogopa mtu asishuke akamsikia. "Matroni amenipigia. Mwanangu ameomba likizo hii aende kwa kina rafiki yake. Wazazi wa yule rafiki ni viziwi wote wawili, nyumba nzima inaongea kwa mikono. Nikamwuliza matroni, kwani kwetu kuna nini? Akasita kwanza. Halafu akasema, mtoto anasema nyumbani hakuna anayeongea naye."

"Na video zote hizo?"

"Ndicho nami nilichouliza. Anasema huwa anazitazama mwanzo, kisha anazima. Haelewi ninachosema hata kimoja." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Usiku mzima najifunza mbele ya kioo, kumbe natapatapa tu. Wacha aende kwa wanaojua."

Dakika, ambaye kwa kawaida ana neno kwa kila jambo, alijifanya anatafuta skrubu.

Mama Kadi akashika kazi. Aliifungua gemu, akakuta uchafu wa sukari umegandia chini ya kitufe, akausafisha kwa pamba yenye spiriti, akafunga. Ili kuhakikisha kitufe kinafanya kazi, alikibonyeza juu ya video ya wiki iliyotangulia, ambayo bado ilikuwa kwenye kadi. Sauti ya mfungashaji ikatoka, safi, ikimsalimu mwanawe na kumweleza habari za paka aliyezalia kabatini. Mama Kadi aliisukuma gemu pembeni, akaanza kukusanya vifaa vyake huku ametega sikio.

Mfungashaji alikuwa ameinama juu ya meza. Hakuwa ameiona video yake kwenye gemu hata mara moja. Aliyokuwa akiijua ni ile ya kwenye simu.

"Hebu rudisha nyuma," alisema.

"Sauti ina shida?"

"Sauti haina shida. Mikono yangu iko wapi?"

Mama Kadi alirudisha. Safari hii aliacha vifaa, akatazama. Mwanamke kwenye kioo alikuwa na mkono kifuani. Halafu mkono ulikuwa begani. Halafu yote miwili ilikuwa chini, na pale kati palikuwa na ukungu tu, kama mtu aliyepitisha kitambaa juu ya picha.

"Hapa nimesema paka," mfungashaji alieleza, akionyesha kwa mikono yake halisi juu ya meza. "Unaona vidole vinavyovutwa? Sasa tazama hapo. Vidole vimeshafika, havikuvutwa. Na hapa nimesema amezaa wanne, wote wazima. Sioni wanne. Sioni hata kuzaa." Alirudia alama ileile taratibu, kisha haraka, kama anayejithibitishia kwamba anaijua. "Dada, neno ni ule mwendo wa mkono. Ukiuondoa mwendo hujaacha neno. Umeacha mtu amesimama na mikono."

Video iliendelea. Sauti ilikuwa safi mpaka mwisho.

Mama Kadi aliizima gemu. Alikuwa akizifikiria zile bahasha zote. Kila wiki alikuwa ameitunza kwa uangalifu sehemu ambayo mtazamaji hawezi kuitumia, na ile pekee anayoitegemea ndiyo aliyoivunja akaiacha mlangoni.

"Mashine ndiyo imekata," mfungashaji alisema, sauti yake imepata nguvu ghafla. "Siyo mimi. Mashine ndiyo imekata!"

"Mashine inafanya inachoambiwa," Mama Kadi alijibu. "Nimekata mimi. Huo mpangilio ni wangu, nimeutunga mwenyewe, na jina langu liko juu yake."

Mfungashaji alimtazama. Dakika alisubiri matusi. Labda yangekuja siku nyingine.

"Basi utungue, utunge mwingine," mwanamke alisema. "Gari la mikate linaondoka kesho alfajiri na mimi nina zamu leo."

Kwenye simu yake hapakuwa na video ya zamani hata moja. Alikuwa akizifuta kila wiki ili kupata nafasi ya kurekodi nyingine. Ikabidi apige mpya palepale. Walimsimamisha mbele ya ukuta mtupu chini ya ngazi, na Dakika akashika taa yake ya kutengenezea saa, akaonywa mara mbili aache kuitikisa. Mwanamke alivua saa na kukunja mikono ya shati. Alianza kuongea kwa mdomo na kwa mikono pamoja, kama alivyozoea.

Kwenye kompyuta Mama Kadi aliurudisha mwendo wote wa picha, na papo hapo programu ikaonyesha mstari mwekundu: faili ni kubwa kuliko nafasi iliyobaki kwenye kadi. Alifuta folda ya nyimbo alizokuwa amezijaza mwenyewe kama zawadi. Mstari ukabaki mwekundu. Akapunguza rangi, akapunguza kingo za picha. Bado.

"Kimebaki kitu kimoja," alisema. "Tutoe sauti yote. Kabisa."

"Najua hasikii," mfungashaji alisema. "Ila nikimwekea picha bila sauti najiona kama nimemnunia. Tangu mchanga namwongelesha. Nikimwogesha naongea, nikimsuka naongea."

"Sauti itabaki kwenye simu yako, safari hii usiifute. Kwenye kadi tumwekee mikono."

Mwanamke aliifikiria kama mtu anayeombwa kusaini. Kisha akasema, "Toa."

Mstari ukawa wa kijani. Video ilipokwisha kugeuka, Mama Kadi aliichezesha kwenye gemu, na kwa mara ya kwanza katika kazi hiyo hakuwa na cha kusikiliza. Ilimbidi akae, mikono mitupu mapajani, atazame tangu mwanzo hadi mwisho. Haelewi lugha ya alama. Lakini aliona vidole vikivutwa, aliona mkono ukitoka kifuani na kufika begani kwa njia yake yote, bila kupotea.

"Umemwambia nini?" aliuliza.

"Nimemwambia mikono yangu ilikuwa inakatwa njiani, sasa imefika. Na nimemwambia aende kwa rafiki yake kama moyo wake uko huko." Mfungashaji alivaa saa yake. "Ningesema nini kingine? Nimsihi? Mtoto amekaa muhula mzima anatazama mama bubu."

Akaichukua bahasha pamoja na gemu, akaondoka akikimbia kuwahi zamu.

Jioni hiyo Mama Kadi aliwaandikia watengenezaji wa programu. Hakuzunguka. Aliwaambia mpangilio wenye jina lake haufai kwa anayesoma mikono, na kwamba hajui wako wangapi waliokwisha kuupata wakanyamaza kama yule msichana. Aliyejibu ni mmoja anayejiita Kobe, na jibu lake lilikuwa fupi: hawajui pia, kwa sababu programu haimfuatilii mtu. Kisha akauliza: je, aliondoe jina la Mama Kadi? Mama Kadi alijibu libaki, ila kabla ya mpangilio wowote programu iulize kwanza kile anachohitaji mtazamaji, sauti au mwendo. Kobe akamtaka aliandike swali hilo kwa maneno rahisi, ili wengine waweze kulitafsiri katika lugha zao. Alilifuta na kuliandika upya mara kadhaa, jambo dogo namna ile.

"Sasa umehamia kwenye macho," Dakika alisema siku zilizofuata, kila alipomwona ametulia mbele ya kioo kidogo. "Kazi zitapungua. Ulikuwa unafanya mbili kwa pamoja."

"Zitapungua."

"Wateja watalalamika."

"Watakaa kwenye benchi lako."

Jumatatu mfungashaji aliingia na unga kwenye nyusi. Hakuwa na bahasha wala gemu. Alifika mezani akiwa tayari anaongea.

"Matroni amepiga! Anasema mwanangu kaitazama Jumamosi asubuhi, akaicheka peke yake bwenini mpaka wenzake wakaja kumzunguka. Wakaitazama wote. Wote, dada, kundi zima la watoto wa watu!"

"Wakasemaje?"

"Eti naongea kama mtoto wa chekechea." Alisema hivyo kwa fahari ya mtu aliyepewa cheo. "Eti nina makosa mengi, napindisha vidole, naanzia mwisho. Mwanangu kamwambia matroni hali hii haiwezi kusubiri muhula ujao. Kwa rafiki yake atakwenda siku nyingine. Anakuja nyumbani kunifundisha."

"Mwalimu mkali huyo," Dakika alisema. "Usipoelewa utapigishwa magoti."

"Na nipigishwe."

Mama Kadi alimsogezea kiti. Kwa mara ya kwanza mwanamke huyo alikaa, ingawa ukingoni tu, akaomba kitambaa cha kufutia uso.

Shule inafungwa Ijumaa. Gari la mikate litamleta msichana hadi kwenye geti la kiwanda, na mama yake, ambaye amebadilishana zamu na mwenzake, atakuwa hapo kumpokea.