Askari Niliyemwongeza

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuweka uso wa mtu mahali ambapo hapakuwa na uso.

Ninatafsiri ushuhuda. Hakuna aliyenifundisha. Kiingereza nilikiokota kwenye telefoni, chumbani kwangu Nyamianda, mtaa wa mji wa Uvira, nikirudia sentensi moja mpaka jirani anagonga ukuta. Baadaye nikakutana mtandaoni na kundi la watetezi wa haki za binadamu wanaokusanya maneno ya Wapalestina wanaozuiwa kwenda kazini, shambani, hospitalini, na kuyatoa katika lugha nyingi. Mtafsiri wa Kiswahili hawakuwa naye. Nikajitolea. Ujumbe wa kujitolea niliusahihisha sana, hata nilipoutuma nilikuwa nimesahau nilichotaka kusema.

Ushuhuda wa kwanza niliopewa ulikuwa wa kijana wa rika langu, wa Ukingo wa Magharibi. Mama yake ana saratani, na hospitali inayomtibu iko Yerusalemu, ng'ambo ya kituo cha ukaguzi. Mama alipewa kibali cha kupita. Kijana alinyimwa kwa sababu za usalama, bila kuambiwa ni sababu gani. Wakili wa shirika moja la huko alikuwa amemkatia rufaa ili aruhusiwe kumsindikiza. Hakutaka zaidi ya hapo: kukaa na mama yake kwenye basi la kurudi, kwa sababu baada ya matibabu anatapika.

Sentensi zake zilikuwa kavu. "Mama aliwaomba waniache nipite naye. Walikataa."

Nikaziona zimepungukiwa. Nikaandika hivi: mama alimkaribia askari aliyekaa kitini kando ya njia, akamwambia, mwanangu, naomba, askari akainua uso, akamtazama machoni, akakataa. Nikaisoma, nikairekodi, nikaituma kwenye vikundi vya WhatsApp vya Uvira nzima. Siku hiyo nilijiona mwandishi.

Sasa najua yule askari alitoka wapi. Kwenye barabara ya uwanda wa Ruzizi, nilipokuwa nikienda na mama yangu kununua mihogo, kulikuwa na bariere: kamba imevutwa kutoka mti hadi mti, na askari kwenye kiti cha plastiki. Mama alishuka kwenye pikipiki kabla hajaambiwa. Alisalimu kwa Kifuliiru, akauliza kama kwao mvua imenyesha, akamwita mwanangu. Kisha alimwachia pesa kidogo ya sigara, na kamba ikalala chini. Mama amefariki. Ninapika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki.

Mama mdogo anasuka nywele mtaa wa Songo. Nilipofika kwake Jumamosi ile, wanawake walikuwa wanaisikiliza sauti yangu.

"Metre wa Wapalestina huyo!" mama mdogo akasema. Metre ndivyo tunavyowaita mawakili.

"Eh, Metre, kuya utuelezee," akasema mteja wake, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. "Huyu mama wa kule iko na shida gani? Askari anamuangalia mu macho, naye anashindwa?"

"Anaumwa," nikasema.

"Hata kama anaumwa! Askari akikuangalia, ujue iko tayari kupokea. Mubaya ni ule haangalie. Minye ningepita na mutoto, na mbuzi juu yake."

"Na mbuzi!" Wakacheka wote.

"Weye unajua kuongea," mama mdogo akamwambia. "Pengine yule alienda na kiburi."

Nami nikacheka, ili nisionekane nimeumia. Lakini njiani niligundua kwamba walikuwa wamemcheka mwanamke mgonjwa, na kwamba sababu ya kumcheka niliwapa mimi.

Kesho yake nilimpigia kijana. Kiingereza chake ni cha kujifundisha kama changu, kwa hiyo tunaelewana polepole. Nikamsomea nilichoandika, nikikigeuza kipande kwa kipande.

"Huyu askari ni nani?" akauliza.

"Yule aliyewakatalia."

"Ndugu yangu, hakuna mtu pale. Kuna kioo. Kimetiwa giza, humwoni aliye ndani. Mama alibandika kibali chake kwenye kioo, akaomba. Sauti ikatoka kwenye kipaza sauti: mmoja tu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa vyuma unaozunguka. Nilimwona mama yangu anaongea na kioo."

"Nisamehe."

"Ifute tu. Wanaotuzuia wakikuta jambo moja ambalo halikuwepo, watasema na mengine hayakuwepo. Watasema hata mama hayupo."

Niliifuta, lakini ya kwanza ilikuwa imeshasambaa. Mpaka leo kuna anayenitumia ile yenye askari, akinisifu. Nikarekodi upya, sentensi mbili zikabaki mbili, na baada ya hizo nikaeleza kioo kama nilivyoelezwa. Nikaipeleka Songo mwenyewe. Muuza ndagala alikuwepo, amekalia ndoo yake.

Walisikiliza hadi mwisho. Hakuna aliyetaja mbuzi.

"Sasa," muuza ndagala akauliza, "salamu unaipeleka wapi?"

Mama mdogo alisimamisha vidole ndani ya nywele za mteja mwingine.

"Na anarudi peke yake? Akitapika?"

"Ndiyo, mama mudogo."

"Mu basi?"

"Mu basi."

Alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua telefoni yake, akaituma ile sauti kwa wanakwaya wenzake. Kisha akaendelea kusuka.

Jibu la rufaa lilikuja wakati wa mvua. Walimnyima tena. Kijana alinirekodia ujumbe, akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nilikuwa nimekaa ufukweni, upande wa pili wa ziwa milima ya Burundi imefunikwa na wingu. Mwishoni akaongeza: "Nilimsimulia mama habari za askari wako. Alicheka. Alisema angalau kwa huyo angepata mtu wa kumwita mwanangu."

Niliirudia sehemu hiyo mara kadhaa. Mtu ambaye ningetaka kumsikilizisha alikuwa mama yangu. Nikarudisha telefoni mfukoni, nikatembea hadi nyumbani bila kumwambia mtu.

Mama wa yule kijana bado anavuka peke yake. Wakili amewasilisha ombi jingine, nami nimelitafsiri. Kwa upande wangu kilichobadilika ni hiki: kabla sijatuma chochote, nampigia mwenye maneno, namsomea yote, na asilolisema silisemi.