Mgumu aliyeshuka mlimani kujenga makaburi, la mkewe likabaki udongo

Eliezeri Mongi anagonga kigae kwa mpini wa mwiko, anatega sikio, kisha anagonga tena pembeni. Haridhiki na sauti anayoisikia. Anakibandua kigae, anakwangua saruji yote iliyokuwa chini yake na kuanza upya.

"Kikilia hivyo ujue kina hewa chini," anasema. "Masika maji yanaingia, kinapasuka. Mwenye kaburi hatasema kitu, ila watoto wake watasema."

Ni asubuhi ya tarehe 15 Desemba, Mwika, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Kaburi analolijengea liko katikati ya migomba, karibu na dirisha la jikoni, maana hapa watu huzika ndugu zao kihambani, kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Ndani, akina mama wanasugua sakafu. Watoto wa marehemu wako njiani kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kula Krismasi, na hakuna familia hapa inayotaka watoto wake washuke kwenye basi na kukuta baba yao bado yuko chini ya udongo mtupu.

Jirani anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Eliezeri! Zamani ulikuwa unawapandisha watu mlimani. Siku hizi unawashusha tu."

"Na hawa hawalalamiki kichwa kuuma," anajibu bila kuinua uso.

Jirani anacheka hadi anashika mzigo usidondoke. Eliezeri hacheki. Hii ni kazi yake ya mwisho ya mteja mwaka huu. Kuanzia kesho siku zote zilizobaki ni za kaburi moja lililoko kihambani kwake, la mkewe Priska, ambalo mpaka leo ni tuta la udongo na msalaba wa mbao.

Asipolimaliza kabla ya tarehe 23, binti yake hatarudi nyumbani.

Eliezeri ana umri wa miaka 43. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mgumu, kama wapagazi wa mlima wanavyojiita. Alibeba mahema, meza na mitungi ya gesi ya wageni hadi kambi za juu, kwa malipo ya kama shilingi elfu ishirini kwa siku, na bahashishi pale mgeni alipokuwa na moyo. Msimu ukiwa mzuri alikaa nyumbani siku mbili tatu tu kati ya safari na safari.

Machi mwaka jana alikuwa kambi ya Barafu Priska alipoanguka jikoni. Presha. Simu ya Eliezeri ilipata mtandao alipokaribia lango la Mweka, meseji zikaingia mfululizo. Aliwahi maziko tu.

Wiki ya pili baada ya maziko alipanda tena mlimani. "Nyumbani hapakuwa na kitu," anasema. "Na mimi nilikuwa sijui kazi nyingine."

Binti yake Loveness, wakati huo akiwa na miaka saba, aliachwa kwa majirani. Alishikwa na homa, na majirani wakampigia simu bibi yake mzaa mama, Martha, anayeuza ndizi katika soko la Kiboriloni, mjini Moshi. Martha alifunga meza yake, akapanda Mwika, akaondoka na mtoto. Mtoto hajarudi kuishi na baba yake.

Hapo ndipo Eliezeri alipoamua kutafuta kazi ya kumwezesha kulala nyumbani. Alimwendea Rogath, fundi vigae wa Moshi aliyesoma naye shule ya msingi, akajifunza kwake kati ya safari moja ya mlima na nyingine. Kazi aliishika haraka. Kilichomshinda ni kuzipanga siku zake.

"Mlimani mtu mwingine ndiye anayekupangia," anasema. "Unaambiwa amka, unaamka. Unaambiwa hapa tunalala, unalala. Huku chini hakuna anayekuamsha, na kila anayekuja ana haraka."

Desemba ya mwaka jana, ya kwanza akiwa fundi, alikubali makaburi saba. Aliogopa kwamba akimkatalia mteja mmoja, wengine hawatakuja. Asubuhi alikuwa kwa huyu, mchana kwa yule, jioni akikimbilia kwa aliyepiga simu kwa ukali zaidi. Krismasi ilifika akiwa amemaliza manne. Familia tatu zilikuta mchanga na tofali zimeachwa kando ya kaburi, na mpaka leo moja haimsalimii.

Tarehe 26 Martha alimleta Loveness kuona alipolala mama yake. Mtoto alilitazama tuta, akamtazama baba yake.

"Aliniuliza, 'Baba, mbona ya watu umejenga?'" anasimulia Eliezeri. Anaokota kigae kingine na kukifuta vumbi kwa kiganja, muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

Kiboriloni, nyuma ya mikungu ya ndizi, Martha anasema hamchukii mkwe wake.

"Nilimwambia mbele ya mchungaji. Mjengee mama yake, kaa nyumbani, ndipo mtoto arudi. Watu wakaniona mkali." Anamhesabia mteja ndizi za kupikia mtori, anamwongeza mbili, kisha anageuka. "Lakini mtu ambaye hapati siku nne za mke wake aliyekufa, siku za mtoto aliye hai atazitoa wapi? Hilo tu ndilo ninalouliza."

Mwaka huu Eliezeri alipokea makaburi manne tu. Kila moja humpa kati ya laki mbili na laki tatu za ufundi, na hizo ndizo fedha atakazozitazama mpaka Machi, kwa sababu Januari na Februari hakuna anayejenga kaburi. Wiki ya tarehe 16 hadi 22 aliitenga kwa Priska.

Wazo la jinsi ya kuilinda wiki hiyo lilitoka kwa Rogath. "Nilimwambia kila kaburi la mteja lina mtu wa kukupigia simu," anasema fundi huyo. "La mke wako halina. Ndiyo maana kila mwaka litabaki nyuma. Litafutie mtu wa kulisumbulia."

Eliezeri alimpata Loveness. Tangu Desemba ianze, kila jioni mtoto anachukua simu ya bibi yake, anapiga Mwika na kuuliza swali moja: umefika wapi?

Asubuhi hii ya tarehe 15, kabla saruji ya kigae cha mwisho haijakauka, mwanamke mzee anaingia kihambani kwa miguu, amevaa kitenge cha kanisani. Ni Bibi Lukresia, mjane wa mzee Primus aliyefariki Agosti. Mkononi ana jani la isale.

Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa mipakani na makaburini kote Uchaggani. Mtu akikujia na jani lake ameshika kwa mikono miwili, anaomba radhi, na kulikataa ni jambo zito.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba Loveness. Usiinuke, mikono yako ina saruji. Leo wa kusimama ni mimi."

Septemba, Lukresia alikuwa amempa Eliezeri kazi ya kaburi la mumewe. Kisha akamnyang'anya, akisema mbele ya watu kwamba hawezi kumkabidhi mzee Primus kwa mpagazi. Alimchukua fundi mwingine kutoka mjini. Huyo alijenga tofali hadi nusu, akachukua malipo yake yote, akazima simu.

"Nilikuita mpagazi kwa dharau," anasema Lukresia. "Maneno yale nayarudisha kinywani."

Eliezeri ananawa kwenye ndoo, anajifuta kwenye suruali, anapokea jani kwa mikono miwili.

"Yameisha, bibi."

"Aika, mwanangu." Anamshukuru kwa Kichagga, akishusha pumzi. "Haya, Primus wangu unamwanza lini? Watoto wanashuka tarehe ishirini na tatu."

Eliezeri bado amelishika jani.

"Tarehe ishirini na saba, bibi."

"Ishirini na saba wanapanda basi kurudi! Waje wamkute baba yao kama shimo la choo lililokosa fundi? Umepokea isale, baba Loveness."

"Nimepokea. Msamaha nimekupa, bibi, na sitaurudisha. Siku ndiyo sina ya kukupa. Zilizobaki ni za Priska."

"Priska hana haraka."

"Na mzee Primus hana. Wenye haraka ni sisi."

Lukresia anamtazama, kisha analitazama jani. "Nitawaambia wanangu isale ya mama yao ilipokelewa kwa mkono mmoja," anasema, na kuondoka polepole kwa njia aliyojia.

Eliezeri anarudi kwenye kazi yake. Anagonga kigae cha mwisho mara nyingi kuliko vile vingine.

Kabla ya jua kuzama habari imefika kilabuni, kwenye mbege, pombe ya ndizi. Wazee waliozungumza na gazeti hili hawakubaliani. Wapo wanaosema isale huomba radhi tu, na radhi imetolewa. Wengine wanasema anayepokea jani amepokea na shida iliyokuja nalo. Siku mbili baadaye mama mmoja aliyekuwa amemwahidi kazi ya Pasaka alimtumia ujumbe kwamba familia itakaa kwanza ifikirie.

Tarehe 16 Eliezeri anaanza kwake. Anagundua udongo umetitia upande wa kichwani. Hawezi kujenga juu yake; inabidi auchimbe, ajaze mawe na kushindilia upya. Kazi hiyo inakula siku mbili nzima. Kila alasiri mvua inanyesha, na zege inachelewa kukauka.

Tarehe 18, akiwa amepiga magoti kwenye tope, simu inaita. Ni kiongozi wa wageni aliyefanya naye kazi miaka mingi. Mgumu wake mmoja ameugua, na kesho asubuhi kundi linaingia lango la Marangu.

"Siku sita, na wageni ni wa bahashishi nzuri," sauti inasikika kutoka kwenye simu iliyowekwa juu ya tofali. "Wewe njoo tu, kila kitu kipo."

"Nina kazi nyumbani, kaka."

"Nyumbani kuna kazi gani?"

"Ya kwangu."

"Eliezeri, hii ni mara ya tatu mwaka huu. Nikimweka mwingine nafasi yako ndiyo imekwenda. Januari usinitafute."

"Nimesikia."

Anasubiri simu ikatwe upande wa pili, kisha anaendelea kuchanganya saruji. Akiulizwa atakula nini Februari, anakiri hajui. Anasema Rogath ana jengo la wapangaji Moshi mjini linalosubiri fedha za mwenyewe, na fedha zikipatikana kuna sakafu za kupiga. Zisipopatikana, hakuna.

"Sijasema nimechagua vizuri," anasema. "Nilipokuwa nachagua kila kitu, hiki ndicho kilichokuwa kinabaki. Sasa nimekianza hiki, na vingine vinabaki. Bibi Lukresia ana haki ya kuumia. Nikipita kwake naona yale matofali, na mimi naumia."

Tarehe 20 alasiri, sanduku la tofali limesimama, na tangu jana linapokea vigae. Ni vyeupe, alivinunua boksi moja moja tangu Juni. Alianza upande wa miguuni na kupanda. Jana alifika magotini. Leo asubuhi alivigonga vya jana, akavibandua vitatu.

Saa kumi na moja wingu linashuka kutoka mlimani na matone yanaanza kupiga majani ya migomba. Anafunika kaburi kwa kipande cha hema kuukuu alichopewa na wageni zamani, anakandamiza pembe zake kwa mawe. Kwenye ukuta wa jiko, chini ya paa, jani la Lukresia limechomekwa. Limeanza kukunjamana nchani.

Simu inaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Umefika wapi?"

"Magotini."

"Jana ulisema magotini."

"Leo nimebandua vitatu."

"Kwa nini?"

"Vilikuwa vinalia."

Nyuma ya mtoto inasikika sauti ya soko likifungwa.

"Bibi anauliza kesho utafika wapi."

"Mimi sijauliza!" inasikika sauti ya Martha. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Atafika wapi?"

Eliezeri anaitazama mvua. Zimebaki siku mbili. Kuanzia magotini hadi kichwani bado ni tofali tupu, na msalaba wa zege haujamiminwa.

"Mwambie kifuani," anasema. "Mvua ikiniachia asubuhi, kifuani."

"Nitapiga kesho," anasema Loveness.

"Piga."

Anatumbukiza mwiko kwenye ndoo ya maji ili saruji isiugandie usiku, anaingiza mfuko uliobaki ndani ya nyumba, na kurudi nje mara moja kuongeza jiwe kwenye pembe ya hema inayopeperushwa na upepo.