Wimbo Tuliomzikia Baba

Kama si mama kutaka wimbo, mimi hiyo filamu ningekuwa nimeshaisahau. Mwezi ujao tunakwenda nyumbani, magharibi, kujengea kaburi la baba, na wewe unajua mambo haya yalivyo: saruji, hema, sufuria za kukodi, wajomba wanaotaka kusikilizwa. Mama hakuuliza hata moja kati ya hayo. Alikaa kwenye kitanda changu hapa Kawangware, mtaa tunaouita Kongo, akanitazama nikishona yunifomu za watoto wa watu, kisha akasema, "Mimi nataka ule wimbo tu. Ule wa mwalimu. Uutafute uuimbe vizuri, usije ukaniaibisha."

Mwalimu alikuwa jirani yetu Kibera, enzi tukikaa upande wa karibu na shule ya Olympic. Alifundisha kwaya ya kanisa, na alikuwa na televisheni, kitu kilichomfanya aheshimiwe kuliko hata mchungaji. Jumapili baada ya ibada tulijazana kwake, watoto chini kwenye kapeti la plastiki, kina mama kwenye viti na kitandani, kila mtu na chapati yake ameikunja mkononi. Mafuta yalikutiririkia mpaka kwenye kiwiko ukayalamba huko huko. Nje mtu anakaanga omena, kinu cha posho kinanguruma, mama fulani anamfokea mtoto aliyemwaga maji. Mwalimu hakuwa na filamu nyingi. Alikuwa na ile moja, aliyoiokota soko la Toi katikati ya viatu vya mitumba, na alituwekea hiyo hiyo mpaka tukawa tunajua mlango gani utafunguliwa na nani ataingia.

Ilikuwa habari ya mtunzi wa muziki wa zamani, Mzungu, wakati wa wanaume kuvaa nywele za bandia. Walizungumza Kijerumani, maandishi ya Kiingereza yakipita chini mbio mbio, na mwalimu akitutafsiria kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza harusi kanisani. Kijana katoka kwa maskini, baba yake ni mpiga kengele wa kanisa. Anakwenda mjini, anapata jina, anacheza muziki mbele ya wafalme. Kisha anaambiwa baba amefariki. Anarudi kijijini, anakaa kwenye kinanda, anapiga wimbo mmoja wa polepole sana, na analia mpaka anakiangukia kinanda chenyewe. Hapo kina mama wote wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walitafuta pindo la leso.

Lakini palikuwa na kitu kilichotusumbua. Huyo baba tulikuwa tumemwona mara moja tu, amekaa mezani anakohoa. Kila Jumapili lazima mtu aulize, "Sasa huyu analia hivi kwa nini? Mzee mwenyewe hata hatujamjua." Na mwalimu angejibu kwa ukali kidogo, "Kwani Mzungu hana baba?" Basi, tunarudi kwenye chapati zetu.

Wimbo wenyewe mwalimu aliuchukua. Aliusikiliza na kuurudia, akauandika kwa do-re-mi, akautilia maneno ya Kiswahili: lala baba, kazi umeiweka chini, mlango tutaufunga sisi. Ulikuwa mtamu, haki ya Mungu. Kwaya ikawa haiwezi kusindikiza maiti bila huo wimbo, na watu wa vijiji vingine vya Kibera wakawa wanatuma mtu kuja kuuliza kama kwaya yetu itapatikana, ile ya wimbo wa Wajerumani. Mwalimu alitembea kidevu juu.

Baba alifariki nikiwa darasa la saba. Alikuwa seremala, mkono wake ulikuwa mzuri ajabu, na alikuwa mlevi. Nimelisema. Mama mpaka leo hulizunguka, husema, "Baba yenu alipenda kukaa na watu." Siku ya kumsafirisha, kwaya ilisimama kando ya basi, jeneza likiwa bado chini, wakauimba wote, sauti ya nne ikitetemesha kifua. Hatukuwa na kitu. Hata shati alilozikwa nalo lilitoka kwa mwalimu. Lakini mama aliushika wimbo ule. Mtu akimletea maneno ya kumdharau marehemu, humjibu hivi: "Mume wangu aliimbiwa wimbo wa watu wakubwa. Wako ataimbiwa nini?"

Basi nikaitafuta filamu kwenye simu ili niupate wimbo sawasawa, maana sauti ya kwanza nilikuwa naikumbuka nusu nusu. Nilichokipata si ile yetu. Hii imeandikwa ni toleo la mwongozaji, yaani yule aliyeitengeneza amerudi uzeeni akayapachika yote ambayo kampuni ilikuwa imeyakata wakati inatoka. Nikafurahi kama mjinga. Nikasema, mama atapata filamu yake na nyongeza juu. Jumapili iliyopita nikaunganisha simu na televisheni, nikapika chai ya maziwa, nikakaa kando yake kwenye nafasi ya mwalimu, kutafsiri.

Niseme ukweli, nusu ya hayo yaliyorudishwa yangeachwa tu yalikokuwa. Kuna theluji inaanguka mpaka unashikwa na baridi. Kuna mke wa mtunzi anachana nywele, anachana, anachana, mama akauliza kama huyo hana kazi ya kufanya. Ile ya zamani ilikimbia, ilijua inakokwenda. Hii inatembea na kusimama kama mtu aliyetumwa dukani akasahau kitu. Lakini baba wa mtunzi, yule wa kukohoa mara moja tu, katika hii yumo. Anapanda mnara kupiga kengele, amechelewa, kofia imepinda. Anateremka akishika ukuta. Mama akakaza macho. Alisema taratibu, "Huyu naye alipenda kukaa na watu."

Kisha kikaja kilabu. Vijana wamejaa, vikombe mezani, na mtunzi, bado kijana mbichi, amepanda juu ya benchi na fidla. Akaanza kupiga kitu cha haraka, cha kurukaruka, wenzake wakipiga makofi. Mimi niliujua kabla ya mama. Ulikuwa ule ule wimbo. Wimbo wa kuzikia watu. Na chini maandishi yanapita: mzee kengele, mguu mmoja unakwenda nyumbani, wa pili umebaki kwenye pipa. Kijana mmoja akashuka sakafuni akawa anatembea kama yule mzee, magoti yanakataa, mkono unatafuta ukuta ambao haupo, na mtunzi juu ya benchi anacheka machozi yanamtoka. Baba yake mwenyewe!

Mama alishusha kikombe. "Si huo ni wimbo wetu?"

"Unafanana."

"Wanasema nini?"

"Wanamsifu baba yake."

"Wanamsifu huku wanacheka hivyo?"

"Ni furaha, mama."

Akarudisha macho kwenye televisheni. Na mimi mwili wote ulikuwa umepata moto, kwa sababu siyo huo uongo tu uliokuwa unanichoma. Kule Kibera, jioni baba akionekana kwa mbali anakuja, watoto wa ploti walipiga kelele, "Buda yenu anakam!" Kisha wakaanza kumwiga. Kulikuwa na wa kupepesuka, wa kugombana na nguzo ya stima, wa kuvua kofia kusalimia mbuzi. Mimi sikukimbilia ndani kujificha. Mimi ndiye niliyekuwa naigiza. Nilijua anavyoinua bega la kushoto kabla ya kuyumba, hilo wengine hawakuwa wameliona. Niliona afadhali wamcheke yeye kwa kupitia kwangu kuliko wanicheke mimi. Wakifika kikomo cha kucheka wananipigia makofi, na nilikuwa nayapenda hayo makofi.

Filamu ikaendelea mpaka kwenye mazishi. Hakuna walichobadilisha hapo, niliangalia kwa makini: kinanda ni kile kile, mshumaa ule ule, machozi yale yale. Lakini haikuwa filamu ile. Katika ile ya Kibera yule mtu alikuwa na huzuni, na sisi tulimhurumia tukiwa na chapati mkononi. Katika hii ni mtu mwenye aibu. Amekaa kumchezea baba yake wimbo wa mwisho na vidole havina wimbo mwingine wa kumpa ila ule wa kilabu, basi anaupunguza mwendo, anaupiga polepole, polepole zaidi, labda ukienda taratibu utageuka kuwa heshima. Anapokiangukia kinanda sikuweza kutazama.

"Sasa ndio nimejua analilia nini," mama akasema. Hajui Kijerumani, hasomi Kiingereza, na mimi nilikuwa nimemdanganya. Akajua tu.

Nikazima. Nikamwambia, "Mama, tutafute wimbo mwingine. Ziko nyimbo nyingi za kitabuni, nitakuimbia yoyote." Nilikuwa naongea haraka haraka. Nilimwambia hatuwezi kwenda kusimama juu ya kaburi la mtu aliyekuwa mlevi tukaimba wimbo wa kumcheka mlevi, watu wakija kujua tutafanya nini, na wale wote tuliowazika kwa wimbo huo je.

Mama akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Yule mzee wa kengele, alijua wanamwimba?"

"Filamu haisemi."

"Alijua. Baba yako alikuwa anajua." Akavuta kikombe chake, chai imeshapoa. "Alikuwa anasimama pale kwenye kona ya choo anawaangalia mpaka mmalize, ndipo apite. Siku moja akaingia ndani akaniambia, 'Leo wamenipata. Lakini anayenipata kabisa ni huyu wetu.'"

Nikauliza, "Alikasirika?"

"Alicheka," mama akasema. "Alicheka sana. Halafu nikampakulia chakula, akasema ameshiba."

Ile ploti haipo tena. Barabara imepita pale pale, magari yanakwenda, na ukitaka kuonyesha mtu mahali palipokuwa na mlango wetu unabaki kunyoosha mkono kwenye lami. Kwaya ilitawanyika, wengine wamerudi magharibi, mwalimu alishazikwa, naye kwa huo huo wimbo. Hakuna kona ya choo ninayoweza kwenda kusimama nikamsubiri mtu apite nimwambie neno. Limebaki kaburi, na mama amekataa kubadilisha wimbo. Anasema ni wa baba, niuimbe, niuimbe taratibu. Nitauimba. Lakini siku hiyo, mbele ya saruji mbichi na watu wote wa kwetu, uso wangu sijui nitauweka wapi.