Ndege Fupi na Jeneza la Dada Yangu

Anayewajibika ni mkuu wa shughuli za safari wa shirika la ndege lililolipokea jeneza la dada yangu Dar es Salaam, likaliacha ghalani, kisha likarusha ndege kwenda Mbeya bila kumwarifu yeyote. Pamoja naye anawajibika msimamizi wa mizigo aliyelikubali jeneza hilo. Marubani hawahusiki; walirusha ndege waliyopewa. Hali ya hewa haihusiki. Siku ile anga la Mbeya lilikuwa jeupe. Nayaweka haya mwanzoni kwa sababu msibani lawama ilikaa juu yangu, na hadi leo hakuna mtu wa shirika aliyekuja kuiondoa.

Mimi ni mstaafu. Nilitumikia ofisi ya uchukuzi ya mkoa, na sasa naishi Iringa. Dada yangu mkubwa aliolewa Rungwe, mkoani Mbeya, akafia Dar es Salaam alikokwenda kutibiwa. Tulipokuwa tunapanga namna ya kumrudisha, mume wake, yaani shemeji yangu, mzee wa kanisa na mkulima wa migomba, alitaka gari.

"Gari likiharibika Ruaha Mbuyuni, nitatafuta lingine," aliniambia kwa simu. "Ndege ikiharibika, shemeji, nitatafuta nini?"

Nilimweleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika. Shirika lile lilikuwa limeagiza ndege za jeti za masafa mafupi, zile wanazoziita familia: fupi, ya kati na ndefu, zenye pua moja na chumba kimoja cha rubani, viti viwili kila upande, hivyo anayeirusha moja huzirusha zote. Mashirika ya nchi kadhaa za Afrika yameziagiza kwa ajili ya miji kama yetu, isiyoweza kujaza ndege kubwa. Nilikuwa nimefuatilia habari zake tangu zilipoagizwa, na zilipoanza kutua Mbeya nilifurahi kana kwamba nimezinunua mimi.

"Shemeji," nilimalizia, "kesho kabla ya mchana dada atakuwa uwanjani Mbeya. Chimbeni kaburi."

Maneno hayo mawili ndiyo yanayonitesa. Katika ukoo wa shemeji, kaburi huchimbwa asubuhi ya maziko, na likishachimbwa halilali wazi. Likifukiwa tupu, wazee husema linadai mtu mwingine wa nyumba ile. Kwa hiyo hawalichimbi mpaka wawe na hakika kwamba maiti yuko njiani. Hakika hiyo niliwapa mimi. Nilikuwa mtu wa ofisi ya uchukuzi. Nani angebishana nami?

Asubuhi ile tulisimama nje ya lango la mizigo, shemeji, mchungaji, kwaya ya akina mama na mimi. Ndege ilipogeuka mwisho wa njia na kutukaribia, niliitambua. Nilimshika shemeji mkono nikamwonyesha.

"Hii ndiyo fupi katika zile tatu," nilisema, kama mtu anayemtambulisha mgeni wake.

Sikufikiria zaidi ya hapo. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu, alishuka ngazi akiwa amebeba msalaba na picha ya mama yake. Kwaya ikaanza kuimba. Mlango wa mizigo ukafunguliwa, yakatoka mabegi, yakatoka maboksi ya wafanyabiashara, kisha mlango ukafungwa. Akina mama waliendelea kuimba kidogo, sauti moja moja ikidondoka, mpaka akabaki mmoja aliyekuwa amefumba macho.

Binti wa shirika alikuja akiwa ameshika simu.

"Mzee wangu, samahani sana. Iliyopangwa ilikuwa ile ndefu. Imepelekwa safari nyingine, ikaletwa hii. Jeneza halikuingia kwenye mlango wa mizigo."

"Mlijua lini?"

"Mimi nimejua sasa hivi, kama wewe."

"Na waliolipokea kule? Mtoto wa marehemu alikuwa ndani ya ndege hiyohiyo, hakuambiwa?"

"Kwenye mfumo zinasomeka aina moja, mzee. Ni familia moja."

Shemeji akavua kofia.

"Binti," alisema taratibu, "sisi pia ni familia moja. Tumekuja kumchukua wa kwetu."

Binti yule akalia. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alitumwa kusema kile ambacho wakubwa wake hawakuthubutu kukisema.

Tulirudi Rungwe na gari tupu. Vijana walikuwa wamekaa kandokando ya kaburi, majembe magotini. Shemeji akasema neno moja tu: "Lifukieni." Kisha akaingia ndani ili asisikie udongo ukianguka. Mimi nilibaki, nikausikia.

Watani wa ukoo hawakuniacha. Mama mmoja mnene alijifunga kanga kiunoni, akatanua mikono na kukimbia kulizunguka kaburi akinguruma.

"Abiria, fungeni mikanda! Kamwene, mtu wa Iringa! Marehemu wako ameketi dirishani?"

Watu wakacheka.

"Jeti yake imeleta maboksi ya dukani," akaendelea, "mwenye nyumba imemwacha Dar! Haya, tumzike upepo, afisa atusomee wasifu wake!"

Mtani msibani hajibiwi na hafukuzwi; kazi yake ni kuwapumzisha waliolia. Nilikaa pale nikiwa nimeinamisha kichwa, mbele ya wakwe wa dada yangu walionijua kama mtu wa maneno yaliyopimwa. Hata wale waliokaa karibu yangu walisogeza viti. Katika miaka yote ya utumishi sijawahi kutamani kutokuonekana kama siku ile.

Wapwa zangu waliobaki Dar es Salaam walikodi gari. Jeneza lilipita Ruaha Mbuyuni, likapita Iringa mjini nisipokuwepo, likapita Nyololo, likafika siku ya pili. Kaburi likachimbwa tena. Udongo uliokwisha kuguswa haukushika. Kingo ziliporomoka, likawa pana mno kwa mtu mmoja. Niliwaona wazee wakitazamana, kisha wakamtazama shemeji.

Mimi ni Mlutheri na siamini kwamba kaburi lina njaa. Shemeji naye hasemi kwamba anaamini. Lakini watoto wake sasa wanamkataza kusafiri, jirani hupita kumwangalia kila akikohoa, na yeye mwenyewe ameanza kugawa migomba. Nilipokwenda kumtazama alinishika mkono akasema, "Si wewe, shemeji," kwa sauti ya mtu anayeaga. Samahani iliyotumwa na shirika kwenye simu ya mpwa wangu haiwezi kusomewa ukoo mzima.

Kwa hiyo nadai rasmi yafuatayo. Mkuu wa shughuli za safari wa shirika hilo afike Rungwe mwenyewe, mchana, na mbele ya wazee wa ukoo atamke kwamba kaburi lile lilifunguliwa na kufukiwa tupu kwa uamuzi wake wa kubadilisha ndege, na si kwa sababu nyingine yoyote. Shirika liwajulishe wafiwa mara tu ndege inapobadilishwa, kabla haijaruka. Na mamlaka inayosimamia usafiri wa anga imtake mkuu huyo aeleze, kwa jina na cheo chake, kwa nini hadi leo hajafika Rungwe, wakati shemeji yangu angali hai wa kumsikia.